Mechi ya Mwisho ya Korongo

Kwenye arobaini ya Mama Zuhura, katika ukumbi mmoja wa Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, mjukuu wake alisimama kusimulia jinsi bibi yake alivyoiokoa timu ya Waingereza. Dua ilikuwa imekwisha, sinia zimeondolewa, watoto wanakimbizana katikati ya viti huku wakiitana kwa Kiswidi, na yule binti akasimulia kwa mikono yote miwili: bibi anaruka ukuta, bibi anaishika pikipiki, bibi anasukuma, Waingereza wanamrusha juu. Ukumbi mzima ulicheka, hata shehe alishindwa kujizuia. "Si ni kweli, anko Barasa?" akanigeukia. "Si wewe ndiye ulikuwa na hiyo pikipiki?" Nikasema ni kweli, na sikudanganya, maana kusukuma alisukuma. Lakini nikiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani Vårby gård nilipitiliza kituo changu bila habari, ikabidi nishuke mbele nivuke upande wa pili kusubiri treni ya kurudi. Nikiwa pale nikampigia Colin, mmoja wa wale Waingereza, kwao Uingereza. Nikamwambia Mama ameshazikwa, na watu bado wanakisimulia kisa chake vilevile. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Basi sasa unaweza kuandika nusu iliyobaki." Haya, naandika.

Mwaka wa kisa hicho nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alfajiri nilisafisha ofisi za Kista kabla wahandisi hawajafika, na mchana nilikuwa huru na sina pa kwenda. Mama Zuhura, mama wa Kitanga, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu ghorofa ya nne Rinkeby. Yeye alilala sebuleni nyuma ya pazia, na vyumba viwili akavipangisha: kimoja mimi, kingine yeyote aliyeletwa na tangazo alilobandika kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Mwezi wa tatu tangazo lile likamleta Mwingereza. Alisimama mlangoni, mrefu, pua imevunjika zamani ikapona vibaya, begani kabeba begi na mkononi kabeba injini. Namaanisha injini yenyewe, imefungwa kwenye taulo. Mama Zuhura aliitazama, akanitazama mimi kwa kuwa alikuwa hajui Kiingereza. "Mwambie kwangu wanalala watu. Hazilali injini." Nikamwambia. Colin akainama, akaiweka chini taratibu, akafunua taulo ili mama aione, kama mzazi anayeonyesha mtoto mchanga. Mama akanusa. Akanusa tena. "We Barasa, hii si harufu ya mafuta ya nyonyo?" Nikatafsiri. Colin akasema ndiyo, injini za mbio hizi hunywa mafuta hayohayo. Mama alicheka akajishika kiuno. "Kwetu tunampa mtoto aliyefunga choo! Basi na ilale, maskini, kumbe inaumwa." Tangu siku hiyo injini ililala chini ya meza ya jikoni, imefunikwa kanga kuukuu, na jiko lile likawa na harufu mbili kila jioni, ya iliki na ya nyonyo, na mpaka leo nikiisikia moja pua yangu inaitafuta ya pili.

Colin alikuwa nahodha wa timu ya spidwei ya mji mdogo unaoitwa Harbley. Spidwei, kwa asiyeijua, ni pikipiki nne, mbili za kila timu, kwenye njia ya duara ya changarawe, mizunguko minne, wote kushoto, gia moja, na breki hakuna kabisa. Timu ya Harbley iliitwa Korongo, na kila mchezaji alivaa fulana yenye ndege huyo kifuani. Ilikuwa na uwanja wake tangu enzi za babu zao, mpaka mwenye ardhi akaiuza. Miaka ya baadaye nilikwenda kupaona. Ni maghala matupu, malori yanageukia mahali palipokuwa kona ya pili, na mlinzi aliyekuja kuniuliza natafuta nini hakuwahi hata kusikia habari za timu. Uingereza ina timu nyingi zilizokwenda hivyo, moja uwanja umekuwa nyumba, nyingine duka kubwa, nyingine maegesho. Korongo waliambiwa watoke katikati ya msimu wa mwaka uliotangulia, na msimu wenyewe walikuwa wamefungwa kila mechi. Wachezaji wakatawanyika. Colin akaja Stockholm kukimbilia klabu moja ndogo ya kusini mwa jiji, si ya ligi kubwa, akatafuta chumba cha bei nafuu, ndiyo akaangukia kwa Mama Zuhura.

Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na simu ilikuwa kwenye ujia, mlangoni pangu. Kwa hiyo nilijua kila kitu kabla sijaambiwa. Nilimsikia Colin akiwapigia wenzake mmoja mmoja, akiwabembeleza waje majira ya joto, wavae fulana za Korongo mara moja tu, wacheze na klabu yake ya hapa mechi moja ya kuagana. Kisha nikamsikia akizungumza na kiongozi wa mashabiki kule Harbley, na sauti ilikuwa nyingine, ya chini. "Uwanja wameuchukua," alisema. "Mwaka mzima tumefungwa. Hii moja hatufungwi. Waambie watu waje, nimewaahidi. Sare itatosha, lakini hatufi tukiwa tumefungwa." Aliweka simu, akaja kukaa jikoni. Mama Zuhura alikuwa anachambua mchele. "Ana nini Kolini?" Nikamweleza kwamba timu yake inakufa na anataka mechi ya mwisho isiwe ya kufungwa. Mama hakuacha kuchambua. "Ana haki," alisema. "Hata mimi ningetaka." Akamsogezea Colin sinia naye achambue, na yule nahodha wa Korongo akakaa anatoa mawe kwenye mchele wa Mama Zuhura mpaka uso wake ukalegea.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kwa ubishi. Nilimwambia Colin kwamba nimeendesha pikipiki tangu nina miaka kumi na minne, barabara za Kakamega wakati wa mvua, na hiyo ya kwao ya kuzunguka duara haiwezi kunishinda. Jumamosi iliyofuata alinipeleka uwanjani, akanivalisha suti ya ngozi iliyonibana, akanifunga kiatu cha chuma mguu wa kushoto, ule unaoburuzwa kwenye kona, akanisukuma nikaondoka. Sijawahi kuogopa vile. Kona ya kwanza ilipokuja nilifanya kile ambacho kila mtu wa barabarani angefanya: nilifunga mafuta. Na ndiyo kosa lenyewe. Pikipiki ile inapinda kwa sababu tairi la nyuma linateleza, na linateleza kwa sababu umefungua mafuta; ukifunga, inanyooka, na mbele yako ni ukuta wa mbao. Niliula ukuta. Nikarudi, nikaula tena. Colin alikuja ananikung'uta changarawe mgongoni, anacheka machozi. "Ukiogopa, fungua," alinifokea. "Ukiogopa zaidi, fungua zaidi!" Ilinichukua majuma mwili wangu kukubali upuuzi huo. Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilifungua katikati ya kona, nyuma ikaondoka, mbele ikabaki, changarawe ikarushwa juu kama mvua iliyogeuzwa, nikatoka upande wa pili nikiwa bado nimekaa kitini, na nikapiga kelele ndani ya kofia mpaka masikio yakaniuma. Nimeoa, nimezaa, nimepata kazi nzuri ya ufundi wa mabasi katika jiji hili, yote nayashukuru. Lakini furaha ya ile kona sijaipata tena mahali popote.

Kufika Juni nilikuwa na leseni ya wanaoanza na bado nilikuwa wa mwisho kila mbio. Sikuwa kwenye mpango wa Colin, wala sikustahili. Lakini juma la mechi mmoja wa wachezaji wake alivunjika mfupa wa bega huko kwao, na hakukuwa na mwingine wa kuitwa. Colin aliingia jikoni na fulana ya mchezaji wa saba mkononi. Aliiweka juu ya meza kando ya sahani yangu, akasema, "Ni kubwa kidogo." Mama Zuhura akaichukua, akaipima begani kwangu, akaenda kutafuta sindano.

Siku ya mechi, Jumamosi mchana, jua la Stockholm lilikuwa limeamua kutulipa yote liliyotunyima tangu Novemba. Mashabiki wa Harbley walifika kwa basi lao, wamevuka bahari kwa meli, wazee wengi, wamejifunga skafu kwenye joto lile, wamebeba bendera na thermosi za chai. Na sisi tukaleta watu wetu. Mama Zuhura alikuwa ametangaza nyumba hadi nyumba kwamba kijana wake anacheza, kwa hiyo kundi zima la Rinkeby lilipanda treni na sufuria za pilau: Watanzania, Wakenya, mama mmoja wa Burundi na binti zake, na jirani yetu Papa Dieudonné wa Bukavu, amevaa suti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona spidwei. Walikaa karibu na kona ya mwisho, na pikipiki zilipowashwa mara ya kwanza wanawake waliziba masikio, na zilipoondoka waliyaachia, maana hakuna anayeweza kubaki ameziba masikio wakati pikipiki nne zinaingia kona moja kwa ubavu. "Mungu wangu, hawa wana wazazi?" nilimsikia mama wa Burundi akipaza sauti. Baada ya mbio tatu alikuwa amepanda juu ya benchi.

Sitasimulia mechi yote. Korongo waliongoza, wakapitwa, wakarudi. Wawili wetu waliumia, si vibaya lakini hawakuweza kuendelea, na ndiyo sababu mbio ya mwisho ikatukuta Colin na mimi. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Hesabu yake hata mtoto angeielewa: wa kwanza anapata tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anabaki na vumbi. Colin akishinda na mimi nikawa wa tatu, tunapata nne wao mbili, tunatoka sare. Mimi nikiwa wa mwisho, tumefungwa, na Korongo wamekufa wamefungwa. Colin alifunga kitambaa cheupe kwenye kofia yake, akanifunga mimi cha njano. "Mmoja tu," alisema. "Mpite mmoja tu."

Utepe wa kuanzia ukaruka juu. Colin aliondoka kama aliyefukuzwa, na hakuna aliyemwona tena ila mgongo. Mswidi wa kwanza akamfuata, wa pili mbele yangu, mimi nyuma ninakula changarawe. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, yule wa pili yuko palepale, naona namba yake, simfikii. Nikaanza kuogopa, kwa hiyo nikafungua. Nikaogopa zaidi, nikafungua zaidi. Akanisikia karibu, akageuza kichwa mara moja tu kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa mwisho, na mara hiyo moja ikamtosha: tairi la mbele likamkimbia, akalala chini, akateleza, akaiburuta pikipiki yake mpaka kwenye majani akakaa ameshika mkono. Nilipita. Nilikuwa wa tatu! Nilikuwa na pointi! Niliingia upande wa mbali wa uwanja ninapiga kelele, na hapohapo injini ikakohoa, ikapiga kishindo kimoja, ikazima.

Kwenye spidwei sheria iko wazi. Ukizimikiwa unaruhusiwa kushuka na kuisukuma pikipiki mpaka mstarini, na pointi inakuwa yako. Lakini uisukume peke yako. Mtu mwingine akigusa, wewe au chombo chako, unatolewa. Nilishuka, nikashika usukani, nikaanza kukimbia. Suti ya ngozi, kofia, jua, kiatu kimoja cha chuma kinachogonga chini kila hatua, na changarawe iliyotifuliwa inayomeza matairi. Mashabiki wa Harbley walisimama wote. Walitembea nami sambamba nyuma ya ukuta, wazee wale, wengine wamejishika vichwa, wengine wamefumbata mikono nyuma ya migongo, wakiniita kwa jina nisilojua walilipata wapi. Hakuna aliyenyoosha hata kidole. Colin alikuwa ameshamaliza, amesimama mstarini bila kofia, anapiga kelele: "Taratibu! Pumua! Una muda!" Niliingia kona ya mwisho. Miguu ilikuwa imekwisha. Nikasimama kidogo, nikainamia usukani kuvuta pumzi.

Na kosa langu ni kwamba nilisimama mbele ya watu wa Rinkeby. Jamani, fikirini. Watu waliokulia mahali ambapo gari likinasa hakuna anayeulizwa. Anayepita anaweka mzigo chini, anapandisha mikono ya shati, anasukuma. Wamwone mtoto wao anakufa na chombo, na watu wazima wamesimama pembeni mikono nyuma! "Wazungu hawa hawana roho?" ilikuwa sauti ya Mama Zuhura. "Papa Dieudonné, ninyanyue!" Nikainua kichwa nikamwona yuko juu ya ukuta, sketi amekusanya, Papa Dieudonné kamshika kwapa na suti yake, anapaza sauti akichanganya na Kifaransa. "Allez, mama! Allez! Tusukume!" Nikapiga kelele kwa nguvu zote zilizobaki. "Msiniguse! Mama, tafadhali, msiniguse!" Sikuwahi kumpandishia sauti mama yule. Nilianza kukimbia upya, namkimbia yeye sasa, na nyuma yangu nasikia viatu vyake. "Nyamaza we mtoto, unapoteza pumzi!" Kisha mkono wake ukatua kwenye kiti, nyuma yangu, na sitadanganya: pikipiki ikawa nyepesi. Tulivuka mstari pamoja, yeye anapiga vigelegele.

Nililala chini chali. Niliona juu ya kibanda cha refa taa ya njano ikiwaka, rangi ya kofia yangu, na taa hiyo ina maana moja tu: mwenye rangi hiyo ametolewa. Colin aliiona. Waingereza wote waliiona. Pointi moja ilikuwa imeondoka, na kwa pointi hiyohiyo moja Korongo walikuwa wamefungwa. Colin aliitazama taa, akanitazama mimi, akamtazama Mama Zuhura, ambaye mtandio ulikuwa umemwangukia shingoni, uso wote jasho na vumbi, anaruka na kuitazama pikipiki kama ng'ombe aliyemtoa mtoni. Mimi nilikuwa nalia. Nilidhani atamfokea, na nisingemlaumu. Akatembea mpaka alipo, akaushika mkono ule, wa kulia, akauinua juu, akageuka akawaelekea watu wake na kusimama hivyo. Jukwaani walikuwa bado wanaitazama ile taa. Kisha bibi mmoja wa Harbley, amefunga skafu mbili, akaanza kupiga makofi, kisha wote, kisha wakamiminika chini wanaimba, na mtangazaji alipojaribu kutaja matokeo sauti yake ikazama humo isisikike. Wachezaji wa Kiswidi nao walielewa. Nahodha wao alivua kofia akapiga makofi. Walinirusha mimi juu, wakamrusha Colin, wakamgeukia Mama Zuhura, naye akaishika sketi yake kwa mikono miwili. "Mkiniangusha mtanijua!" Walimrusha mara tatu wala hawakumwangusha.

Jioni ile jua bado liko dirishani tulikula Rinkeby, pilau iliyobaki, Colin na mimi na yeye, injini chini ya meza miguuni petu. Mama alisimulia mechi nzima tangu mwanzo kana kwamba sisi hatukuwapo. Alifika kwenye mkono wake, akaunyoosha juu ya meza tuuone. "Huu hapa! Bila huu mngefungwa. Si mngefungwa, Barasa?" Colin aliacha kula, akaniuliza anasema nini. Nilimtafsiria kwa Kiingereza, neno kwa neno, sikumpunguzia hata moja. Alikaa akiutazama ule mkono, una mikwaruzo ya ukuta na mafuta ya nyonyo kwenye kucha. Alikuwa mtu mzima aliyeuahidi mji mzima kwamba hii moja hawafungwi.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Mwambie tungefungwa."

Nikamwambia. Mama Zuhura akaitikia kwa kichwa, akavuta sufuria, akamwongezea nyama.